Mkono wa Kushoto

Lori la Mbwambo lilizimika taa zote
kwenye mataa ya Tazara, saa mbili usiku,
tani nane za saruji mgongoni.
Asubuhi likavutwa kwa mnyororo mpaka Vingunguti,
harufu yake ikatangulia getini:
plastiki iliyoungua, na utamu fulani wa kutisha
kama sukari iliyosahauliwa jikoni.

Nikainua kabini.
Waya zimekakamaa kama ng'onda,
ganda linapukutika nikiligusa kwa ukucha.
Nyekundu imekuwa kahawia, kijani imekuwa kahawia,
njano, nani ajuaye kama ilikuwa njano.
Miaka yote hiyo zimelala ubavuni mwa eksozi
kama mtoto aliyelazwa karibu na jiko
na mtu aliyesema, nitamsogeza baadaye.

Mahali pa fyuzi
pana karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara,
imekunjwa vizuri, karibu niseme kwa upendo.
Nikacheka. Mbwambo hakucheka.
"Aliyetufanyia hivi," akasema, "alaaniwe."

Ndipo nikaiona tepu.
Imezungushwa kinyume cha saa,
mwisho wake umefungwa uzi mweupe wa gunia,
mafundo mawili.
Mji huu una mafundi wangapi wanaofunga hivyo?
Mimi Tunu, wa mkono wa kushoto,
namjua mmoja.

Miaka kumi na mmoja nyuma, kwa Fundi Chikawe,
Ijumaa, dereva anapiga honi,
mpira wa kusinyaa bei yake nauli yangu ya wiki.
Nikasema moyoni: itafika Kibaha, yatosha.
Ikafika Kibaha.
Ikafika Tunduma, mara ngapi sijui,
imebeba haraka yangu pembeni ya moto.
Tepu haifichi. Tepu huahirisha.

Sikusema kitu. Nilishika kisu.

"Kata," nikamwambia Sefania, "mpaka shaba ing'ae.
Ikiwa nyeusi, kata tena.
Ikiwa bado nyeusi, usinitazame mimi, kata."
Jua la Februari limekaa juu ya bati,
jasho linadondoka kwenye betri.
Tukaunga waya mpya, mnene kidogo kuliko wa kwanza,
tukalehemu, risasi ikanywea kama samli kwenye wali,
tukauvuta mpira juu ya kiungo, kiberiti kikapita chini yake
nao ukasinyaa, ukakumbatia.
Joto lilelile. Kipimo tu ndicho tofauti.
Kisha soksi ya nyuzi za kioo, kisha kipande cha bati
kikae kati ya waya na eksozi,
kisha nafasi, vidole vinne vya hewa,
kinga pekee isiyopanda bei Gerezani.
Waya zinapopenya ukuta wa injini tukatia pete ya mpira,
maana chuma nacho kina meno, hakina haraka.

Na fyuzi ya kweli. Ampia kumi na tano.
"Fyuzi ni ile iliyokubali kufa kwanza," nilimwambia kijana.
"Ukiikatalia kufa, umeshachagua kingine kife."
Akaandika kwenye kiganja kwa kalamu,
jasho likafuta kabla hajamaliza.

Saa kumi taa zikawaka, zote mbili,
hata ile ya kushoto ambayo Mbwambo
alishaizoea kama jino lililong'oka.
Akauliza bei.
Nikataja waya, mpira, soksi, fyuzi.
"Na ufundi?"
Nikafuta mikono kwa muda mrefu kuliko uchafu uliokuwepo.
"Ufundi ulishanilipa, mwaka ule.
Uliyemlaani asubuhi ni mimi."

Akautazama mkono wangu wa kushoto
kama mtu anayelinganisha saini.

"Karatasi ya sigara si yangu," nikaongeza upesi.
"Mimi sivuti."

Akahesabu noti, akaziacha juu ya tairi la akiba,
sikuzigusa mpaka alipopanda.
Akawasha. Hakuaga.
Pale getini akapiga honi mara moja, ndefu,
honi ileile ya Ijumaa ile,
na mpaka leo sijajua ilikuwa inasema nini.

Uzi mweupe ninao mfukoni.